Saa ya Depo Imebaki kwenye Maziko Yako

Patron,

Ni mimi Neema, yule uliyemfundisha kushika turnevisi, ile bisibisi yako, bila kuuma ulimi. Siku hizi hapa mtaani Nyamianda wananiita fundi wa alarme, hivi ving'ora vya wezi, na naona aibu kuitika.

Nimeharibu. Acha nianze na hilo. Ulipokuwa kitandani, sauti imekwisha, uliniambia: "Neema, ile batri ya depo ya dawa, kule Kilibula, usiingoje. Iko nachoka." Nikasema ndiyo, Patron. Kisha ukafa, nami nikawa mtu wa kulia na kuwapikia wafiwa chai. Siku tuliyokuzika umeme ulikatika kwa muda wa saa tatu. Batri ikazimika, saa ya alarme ikasimama. Umeme uliporudi, ikaendelea pale pale ilipoishia.

Tangu hapo depo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ulipanga alarme ijizime yenyewe asubuhi, dakika kumi kabla Mama Feza hajafika kufagia. Sasa anafungua mlango na king'ora kinamlilia kichwani. Na unaijua Uvira yetu: kelele ikipasuka, hakuna anayeuliza ni nini, kila mtu anadhani vita imefika. Juzi jirani mmoja alikimbia mpaka ziwani na watoto watatu, mmoja hana hata nguo. Mama Feza alinishika mkono: "Miye siwezi tena na ule mulango, mwanangu. Fanya kitu."

Nimeshaweka batri mpya. Haisaidii. Kusogeza saa kunataka namba yako ya siri, nawe hukumwachia mtu. Ulikuwa ukisema, "Asiyejua namba, hata wamuwekee bunduki, hana ya kutoa." Ndiyo maana ulipanga mlango utii saa, usimtii mtu. Nilikuona una akili kutushinda wote. Nimejaribu mwaka wako wa kuzaliwa, mwaka wa ndoa yako, hata namba ya parcelle yenu, kile kiwanja cha nyumba. Mke wako alininong'oneza mbili nyingine, tukakaa tunakitazama kile kibao cha namba kikikataa, naye akalia, nami nikalia. Ugonjwa naujua, dawa yake naijua, na mikono iko mitupu.

Kesho nitafuta kumbukumbu yote ya mashine, pamoja na namba yako. Hakuna njia nyingine. Ratiba zako zitaondoka, na yale maneno uliyoandika kwenye kioo chake, AMANI KWA ANAYEINGIA, yataondoka nazo. Nitazipanga upya kadiri ninavyokumbuka. Jumapili uliipangaje, Patron? Sikumbuki. Nilikuwa nakuangalia ukibonyeza, nikidhani utakuwapo siku zote.

Keshokutwa asubuhi nitamshika Mama Feza mkono, tufungue mlango pamoja, tusikilize kama king'ora kimenyamaza.

Kwaheri, Patron wangu. Ninakuahidi jambo moja ambalo ungelikataa: namba yangu nitaiandika kwenye karatasi, nimpe mama yangu aishonee ndani ya mto wake, ili siku yangu ikifika mtu asihangaike hivi. Najua utakasirika.

Kasirika. Njoo unigombeze.

Neema wako