Siku Chache za Kupokea

Shauri Moyo,
Jumapili, Agosti 1983

Mama,

Nimefua, nimepiga deki, nimefua tena shuka zisizokuwa chafu. Siwezi kutulia. Tangu tukuzike hakuna wa kuniambia, "Keti, mtoto, utaichosha sakafu."

Nilirudi kwa yule daktari wa kike. Alinieleza kwamba yai likishakutana na mbegu ya baba, safari haijaisha. Lazima lijishike kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na utando huo haupokei siku zote. Kwanza homoni moja huunenepesha. Halafu, yai likishatoka, homoni nyingine huulainisha na kuujaza damu na chakula, na kwa siku chache tu huwa tayari. Zikipita, hata yai zuri halishiki. Wangu haukuwa ukikomaa vizuri. Amenipa dawa.

Nilimuuliza kuhusu kubeba maji. Unakumbuka ulivyonikataza kuinua debe, ukaenda bombani mwenyewe na miguu yako imevimba? Jirani yetu Mama Akinyi akakutania mbele ya foleni nzima: "Mama Kamau, kwani ni wewe umeolewa hapa?" Ukamjibu, "Nabeba jina langu. Sogea." Maana kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, nawe ulikuwa ukimngoja.

Daktari alisema debe halina neno. Nilicheka, kisha nikalia, akanipa kitambaa.

Kwenye matanga yako wajomba walimwambia Kamau aoe mwingine, jina lako lisipotee. Akasema, "Mama hakuniambia hivyo." Wakaenda zao, lakini watarudi. Nawajua.

Sasa niko katika siku zenyewe, Mama. Pengine ninapoandika hivi kuna kitu kinatafuta pa kujishikiza. Pengine hakuna. Nakwenda chooni kuangalia, narudi, nakwenda tena. Kamau ananiambia nikae, na yeye mwenyewe anaizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ungemcheka.

Siwezi kukuahidi mtoto. Naahidi hili: damu ikija nitalia siku hiyo, halafu nitanawa uso na kurudi kwa daktari. Sitamwachia mtu mwingine kulitafutia jina lako mtoto wa kulibeba.

Pumzika, Mama. Na huko uliko, unikumbuke.

Mke wa mwanao,
Wambui