Wananisifu kwa Kuosha Masufuria, Kumbe Nafuata Ukoko

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unitafutie sababu nzuri ya kukataa kazi, sababu ambayo mtu akiisikia hatauliza tena, na naomba uniwahishie kabla Jumatatu haijafika kwa sababu nimeshakataa kwa maneno matupu mpaka yameniishia.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa tatu, nasomea hesabu, na pamoja na wenzangu tunajitolea kwenye jiko la jamii lililo nyuma ya soko, ambalo kila alasiri hulisha yeyote anayeingia, wazee, kina mama wenye watoto, vibarua waliokosa kazi siku hiyo, na chakula kikiisha watoto wa shule wanabaki kwenye chumba cha pembeni wafundishwe masomo na sisi wanachuo. Pale tuna utaratibu wetu, anayekula haitwi maskini wala mhitaji, anaitwa mgeni, na mgeni haulizwi jina, haulizwi anatoka wapi, haulizwi kwa nini amekuja, anapewa sahani na kuambiwa karibu mgeni, basi. Sisi tunaotumikia tunaitwa wenyeji, na wenyeji hatuli na wageni, tunafika tumeshiba kwetu. Hilo la kushiba hakuna aliyelitangaza, ila kila mtu analijua.

Mimi ndiye muosha masufuria. Ni kazi ambayo kila mwanachuo anaikwepa, wengine wana kucha, wengine wana mafua, wengine simu inalia pale pale wali unapokwisha, na mimi tangu nilipojiunga nimekuwa nikijitokeza bila kuitwa, nayabeba masufuria mpaka uani karibu na tangi la maji, nafunga mlango nyuma yangu, nasugua mpaka yanang'aa, ndipo wakanipachika jina la Sabuni, na sasa hata watoto wananiita Kaka Sabuni. Wananisifu kwamba sina makuu. Mshauri, makuu sina kweli, nina njaa. Kabla sijatia maji kwenye sufuria nakwangua ukoko kwa kijiko, na maharage yaliyoganda pembeni, nachuchumaa nyuma ya tangi nakula haraka haraka, nafuta mdomo, kisha ndipo naanza kuosha. Huo ndio mlo wangu wa siku.

Dada yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa, na sasa yeye na watoto wake wanabahatisha, kwa hiyo nilimwambia asihangaike na mimi kwa sababu chuo kimeanza kutupa chakula, akafurahi mpaka akalia kwenye simu, na chuo hakijaanza kutoa hata chai. Wenzangu wa chumbani nimewaambia nakula kwa mjomba. Sina mjomba mji huu.

Sidhani kama naiba, maana ukoko ungeishia kwenye ndoo ya taka. Ila kushika sahani nikapanga foleni na wale siwezi. Wale wamezoea. Mimi ndiye ninayewakaribisha, baadhi ni wazee wa rika la baba yangu na wananiita mwalimu kama wanavyowaita wanachuo wote, sasa nikionekana nimekaa nao mezani nitakuwa mmoja wa wale, na chuo kizima kitajua kabla jua halijazama.

Mpishi wetu mkuu ni mama mmoja tunamwita Mama Mwiko, amepika pale tangu jiko lianze, mkali, hapendi mtu asimame karibu na moto wake. Siku hizi naona uzee unamwingilia. Wali unamuungulia, si wote, ni lile sufuria la mwisho lililokatika mkono, kila siku linashika chini ukoko mnene kama mkate, na wapakuaji wakilalamika anasema moto umemshinda, anafunika, anasema hilo aachiwe Sabuni, nyie wengine hamjui kusugua. Kwangu mimi ni heri, sikatai, lakini Msimamizi wetu, dada wa mwaka wa nne ambaye ndiye anayepanga kazi zote, amesema mama amechoka na mwisho wa mwezi atamtoa kwenye moto ampeleke kuchambua maharage. Mama alipoambiwa aliendelea kukoroga.

Sasa kuna binti wa sekondari, tunamwita Kwanini kwa sababu hilo ndilo neno lake. Siku moja alinifuata uani na daftari kabla sijafunga mlango, akaniuliza, "Kaka Sabuni, kwa nini namba ikivuka alama ya usawa, kujumlisha kunageuka kuwa kutoa? Anayetufundisha hapa anasema ni kanuni, tukariri tu." Nikamwambia haivuki kitu, nikachukua sahani mbili, nikaweka punje za maharage sawa huku na huku, nikamwonyesha kwamba ukitoa hapa lazima utoe na pale, la sivyo hazilingani tena. Akatoa punje moja huku, akatoa moja kule, kisha akasema, "Aa! Kumbe ni haki tu." Mshauri, siku ile nilifurahi kuliko siku niliyosikia nimechaguliwa kuingia chuo.

Akaenda kuwatangazia wenzake, wenzake wakamwendea Msimamizi, na Msimamizi ameamua kwamba kuanzia Jumatatu niingie darasani na masufuria waoshe wengine. Masomo yanaanza pale pale chakula kinapoisha, kwa hiyo nikiingia darasani, sili. Nimemwambia napenda masufuria, akasema unyenyekevu wangu umemgusa. Nimemwambia sijui kufundisha, akacheka. Na sasa juu ya hayo anataka nisimame mbele ya wanachuo wapya niwaeleze habari za moyo wa kujitolea.

Nilipokuwa nakataa, Kwanini alikuwa mlangoni na alisikia yote. Mama yake ameshamwambia akianguka hesabu tena mwaka huu anaacha shule amsaidie kuuza mboga. Akaniangalia akasema, "Kwa hiyo masufuria ni bora kuliko sisi?" Nikamwambia nenda kasome. Niliumia, na naumia mpaka sasa ninavyoandika, lakini sioni njia.

Nimefikiria kusema mgongo unaniuma, ila mwenye kuumwa mgongo haoshi masufuria. Nimefikiria kuacha kabisa, lakini nitakula wapi? Naomba unipe la kusema.

Ni mimi, Sabuni

Mshauri anajibu:

Sabuni, marahaba mwanangu. Sababu unayoitaka sikupi. Ninazo nyingi, nimeishi na watu hodari wa kukwepa kazi, lakini hiyo yako ukiipata utabaki nyuma ya tangi mpaka umalize chuo, na mimi sitaki kuwa mshirika.

Kwanza pole, na ni pole ya kweli. Kukaa darasani na kukokotoa hesabu huku tumbo linanguruma si mchezo, na kumficha dada yako ili watoto wake wale, hilo limenigusa, sitakudanganya. Umejikaza kisabuni kweli kweli. Ukoko nao hukuiba, usilale ukiuwaza.

Pole imekwisha. Sasa nisikilize. Umenieleza vizuri sana habari za neno mgeni, jinsi mlivyolichagua ili mtu asione haya, kisha barua nzima unawaita wale. Wale wamezoea. Mmoja wa wale. Nani alikwambia wamezoea? Kuna mtu anazoea njaa? Wewe umezoea? Huyo mzee anayekuita mwalimu, siku ya kwanza naye huenda alizunguka soko zima akijifanya ana shughuli kabla ya kuingia mlango ule. Tofauti yenu ni kwamba yeye aliingia. Wewe unasimama pale unawaambia watu karibu mgeni, na moyoni unaliona neno hilo ni tusi. Kama kwako ni tusi, basi umekuwa ukiwatukana kila siku, tena kwa tabasamu.

Halafu huyo Mama Mwiko. Eti uzee unamwingilia! Mimi simjui, wala jikoni kwenu sijafika, lakini nimepika maisha yangu yote. Mpishi anayelisha ukumbi mzima hashindwi na moto kila siku kwenye sufuria moja, lile lile la mwisho, huku mengine yote wali wake unatoka mweupe. Wali wa namna hiyo haujaungua, umeunguzwa. Anaacha makaa chini kwa makusudi, anafunika, anawafukuza watu, na analitaja jina lako. Amekuona, mwanangu. Sahani huitaki, kwa hiyo anakupikia kwa njia pekee uliyomwachia, na ameona bora aitwe mzee aliyechoka kuliko akuumbue mbele ya wenzako. Na wewe mtaalamu wa huku na huku umekaa unasema kwako ni heri. Usipofungua mdomo, mwisho wa mwezi mama wa watu atakuwa anachambua maharage kwa sababu yako. Inawezekana nimekosea. Nenda kamuulize, uone kama atakutazama usoni.

Binti naye amekuuliza swali la maana na wewe ukamfukuza. Mtoto yule hajui habari za ukoko, yeye anachojua ni kwamba mtu mmoja alimwelewesha, kisha mtu huyo huyo akachagua masufuria. Muda wa kumwacha aendelee kujua hivyo huna, kwa sababu mama yake hatanii. Watu wa kusugua watapatikana, hata kwa kulazimishwa. Wa kumwelewesha huyo mtoto amepatikana mmoja, na anajificha uani.

Dada yako mpigie simu. Mwambie chuo hakitoi chakula, mwambie unakula wapi, na usimwombe kitu. Atalia tena, mwache alie, ni haki yake, amekulea. Na huyo mjomba mzike salama, tumechoka naye. Unaogopa wenzako wa chumbani watakucheka? Mmoja atacheka. Mwingine atakuvuta pembeni akuulize jiko lenyewe hufunguliwa saa ngapi, maana ugonjwa wa kufa na tai shingoni hapo chuoni huumwi peke yako.

Basi fanya hivi. Jumatatu fika mapema, uende moja kwa moja kwa Mama Mwiko. Mwamkie, mwambie, "Mama, usiunguze tena, leo nakula mezani." Asipojibu usimbane, watu wa aina yake hawapendi maneno mengi karibu na moto. Kisha mwite Msimamizi, umwambie mbele ya huyo mama kwamba wali ulikuwa unaungua kwa ajili yako na kwamba mpishi wake hajachoka hata kidogo. Utatetemeka. Tetemeka, lakini sema. Mwambie pia kwamba hiyo kanuni ya kufika mmeshiba, isiyo na mwenyewe, ife siku hiyo hiyo, anayejitolea akitaka kula apange foleni kama mtu mwingine. Darasa likubali hapo hapo. Masufuria yawe ya zamu, na zamu ya kwanza achukue Msimamizi mwenyewe, huo unyenyekevu uliomgusa akauonje vizuri.

Kuhusu kuwahutubia wanachuo wapya, kataa. Wakikung'ang'ania, waambie ulikuja kwa njaa na bado unakuja kwa njaa, na kazi unafanya. Wakisikia hivyo, watakaobaki ndio mnaowataka.

Ukimaliza hayo, vua aproni, chukua sahani, simama nyuma ya mtu wa mwisho. Utakapofika mbele utaambiwa karibu mgeni. Sema asante, usiinamishe kichwa, wala usichague kiti cha kujibanza. Kula ushibe. Rudisha sahani yako, nawa mikono, ingia darasani. Yule binti atakuuliza kwa nini ulimkataa. Mjibu.