Nambari Moja wa Wiki Moja

Malinya, Kakamega
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu mpendwa Gentrix,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako ambaye ameolewa na bado haamini. Mimi ni mzima, na natumaini nawe u mzima, mgongo wa Mama umepoa, na mahindi ya Likuyani yamepata mvua. Ukiuliza hali yangu, nimenenepa. Asubuhi Willis ananipikia chai, kisha anasimama mlangoni kunitazama nikinywa, kana kwamba kuna mtu atakuja kunirudisha kwetu.

Barua hii anakuletea jirani yetu Muhonja, anayekuja huko kuuza vitenge. Bahasha nimeifunga kwa gundi, lakini mdomo wa Muhonja haufungiki, kwa hiyo isome kabla hujamkaribisha kiti. Atakwambia nimemvunjia baba mkwe heshima mbele ya ukumbi mzima. Wewe ndiye uliyenifunda, afadhali uyasikie kwangu.

Unajua Willis wangu ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mukumu, na moyo wake una vyumba viwili, kimoja changu, kingine cha tenisi. Wanafunzi wake wanarushiana mpira juu ya kamba ya nguo iliyotundikwa magunia badala ya wavu. Basi mashabiki wa tenisi wa Kakamega walipotangaza shindano la kuwakumbuka wanaume waliowahi kuwa nambari moja duniani, na zawadi ni wavu mpya, hakupata usingizi. Kila timu iwe na watu wawili. Aliwaacha walimu wenzake wote akanichagua mimi.

Tulijifunza tukifua, tukichambua mboga, tukisonga obusuma kwa mwiko. Yeye anaanza na Nastase wa mwaka 1973, mimi Newcombe, yeye Connors, mimi Borg, hivyo hivyo hadi hawa vijana Alcaraz na Sinner. Dada, hujasikia mwanamume akitaja jina la Wilander kwa sauti ya chini huku anakumenyea ndizi. Nilishika upesi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Baba mkwe alikuja na ile kofia ya harusi yetu, akaketi safu ya mbele, akiwaambia watu kwamba mkaza mwana wake anawajua wazungu wote kwa majina. Mark, ambaye hushinda kila kitu na mkewe Cheptoo, alituuliza kama tumekuja kushindana au bado tuko fungate. Willis akamjibu kwamba yote mawili.

Timu zilianguka moja moja, tukabaki sisi na wao. Mark akaulizwa ni Mwaustria gani aliyefika kileleni mwaka 1996. Aliomba arudiwe swali, kisha akaomba maji, kisha akaketi. Sasa swali moja lingetupa wavu, nami ndiye wa kulijibu, Willis haruhusiwi hata kunikonyeza. Majina yote mawili yatajwe. Bi Dorothy, msoma maswali, akauliza: ni nani aliyekaa nambari moja kwa wiki moja tu, mwaka 1999?

Nilimjua, dada. Mwaustralia. Lakini nyumbani tulizoea kumtaja kwa jina la pili, kwa sababu la kwanza ndilo alilobatizwa baba mkwe pale misheni, na jina la mkwe, ulivyonifunda, halitamkwi. Na yeye huyo hapo mbele, ananitabasamia.

Nikajibu, Baba Rafter.

Watu wakaangua kicheko. Bi Dorothy akasema huyo Baba hamfahamu, anataka jina. Mama mmoja akamsihi anisamehe, mimi ni mke mgeni. Mark akasema tenisi haina wakwe. Nilimtazama Willis, nikaona magunia ya watoto wake machoni mwake, nikakaribia kulia. Ndipo baba mkwe alipoelewa. Aliinuka, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya choo na vidole masikioni, akapaza sauti kwamba mama, taja tu, mimi sipo.

Sasa ndilo hilo Muhonja atakalokwambia, na ni kweli. Nilifumba macho, nikavuta pumzi, na jina nililolikwepa tangu niingie boma hili likatoka pamoja na ndugu yake wa nyumbani, si wa Australia: Patrick Shikanga. Kwa maikrofoni. Vidole havikusaidia kitu.

Swali likavuka kwa Cheptoo, akajibu bila kupepesa, wavu ukaenda. Willis alicheka hadi akaketi sakafuni, kisha akanishika mkono mbele ya watu wote. Baba mkwe alitutangulia njia nzima, kofia mkononi, nami chakula chake nikampa mama mkwe ampelekee.

Leo kanisani watu wamemsalimia baba mkwe kwa jina la Nambari Moja. Nilingoja hasira. Badala yake amemuuliza Willis huyo wajina wake wa tenisi alikuwa nani hasa. Alipoambiwa alikuwa juu ya dunia nzima kwa wiki, akafikiri, akasema wiki si haba, kuna watu Ikolomani hawajawa wa kwanza hata kwenye foleni ya maji. Ninavyoandika, ameketi uani anasuka wavu kwa kamba za fahali wake. Matundu yake hata ingokho na vifaranga wake wanapita, lakini Willis amesema watoto watajifunza kulenga. Na wewe umeambiwa usije na mbuzi wa faini ya lile jina, uje na katani ya kumalizia wavu.

Msalimu shemeji Isaiah, msalimu na majirani wote wanaoniulizia. Lile jina nimeliandika mara moja tu. Ukimsomea Mama, ukifika hapo, kohoa.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha,
Nasambu wa Willis