Mchoraji Aliyemtaka Nadjma

Mahabibo, Mahajanga, 1962

Dada yangu Fatoumia,

Mafuta ya langilangi yamefika salama, na mwanao Nadjma ni mzima.

Kuna mchoraji Mholanzi amepanga karibu na soko. Alimwomba Nadjma akubali kuchorwa. Moyo wangu haukutulia, nikaenda naye. Akatuonyesha picha ya kwao ya zamani sana: bibi wa Kizungu kavaa hariri, na nyuma yake kijana mweusi kashika sinia la matunda, shingoni kafungwa ukanda wa fedha kama wa mbwa.

"Nataka kama hii," akasema. "Mke wangu atakaa mbele."

"Huyu kijana ni nani?" nikauliza.

"Hajulikani. Jina lililoandikwa ni la bibi."

Nadjma akavuta kiti, akaketi. "Nichore hivi, na jina langu uliandike."

Yule bwana akacheka, lakini brashi hakuishika.

Sasa nasikia anakuja huko kisiwani kwenu Nosy Be, na ameulizia wasichana wa kijiji chenu cha Andilana. Dada, binti yako Hadidja ni mpole mno, hajui kukataa. Akiitwa, nenda naye, na kwanza uulize atasimama wapi.

Mdogo wako asiyekusahau,
Saïda