Maneno Aliyoyavuta Baba

Durban, 9 Agosti 1998
Leo ni miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke nyumbani.

Dada Tumaini,

Kamwene. Mama anaamkaje? Mguu wake umepungua kuvimba? Mimi ni mzima, ila mgongo unalia kwa kubeba samani za watu.

Umeniuliza mara mbili kwa nini sikuja kumzika Baba. Nilisingizia nauli. Nilikudanganya.

Unayakumbuka yale magazeti ya watoto ya Kiitaliano aliyoyaleta Baba kutoka jikoni alikopika misheni? Alikata maneno yote ya chini ya picha akasokotea tumbaku, akatubakizia picha na kutusimulia. Ni mimi niliyetoka darasa la sita nikamwambia mbele ya wageni, "Baba, hujui Kiitaliano hata neno moja. Unatudanganya." Aliendelea kusokota. Hakutusimulia tena mpaka naondoka.

Juzi tulikuwa tunamhamisha bibi mmoja Mwitaliano kule Glenwood. Boksi likapasuka ngazini, yakamwagika magazeti yaleyale, mazima, na maneno yake chini. Nikakaa. Mwenzangu Mkongo akafoka, "Ndugu, iko saa ya kusoma hii? Lori inangoja!"

Bibi akamnyamazisha. Akanieleza kuwa gazeti lilianza mama yake akiwa mchanga, likatoka kila wiki. Wenye gazeti hawakutaka maneno yatoke midomoni mwa picha, waliona si adabu kwa watoto, wakayapanga chini kwa vina. Vita vikalipunguza kurasa, likapona. Televisheni ndiyo iliyolimaliza, miaka michache tu iliyopita.

Nikamwomba anisomee hadithi ya yule mtoto wa soksi za mistari aliyemwaga maziwa. Alivyotusimulia Baba, mtoto anakimbia, mama yake anamtafuta na taa mpaka anampata: "Njoo ule, mwanangu, ugali unapoa." Dada, kwenye maneno yao anachapwa, analala na njaa. Basi, imeisha.

Nililia pale ngazini. Niliona aibu kumtazama Baba akiwa hai, nikaona aibu kumtazama jenezani. Ndiyo sababu yenyewe. Mwambie Mama, ukiona ataistahimili.

Nisalimie shemeji, baba wa watoto wako, na shangazi aliyekaa matanga hadi mwisho. Na mjomba, aliyebeba msalaba wa kaburi uliokuwa wangu kubeba.

Sina karatasi za kuishi huku; nikivuka mpaka, huku sirudi tena. Na iwe hivyo. Wiki ya kwanza ya Desemba nitakuwa nyumbani. Msinipokee barabarani, nitapita makaburini kwanza.

Mdogo wako,
Festo