Shangazi Idah na Machozi ya Bi Zeina

Mueni, acha unachofanya, usome. Mbavu zaniuma!

Shangazi Idah kanifokea sasa hivi eti nililengwalengwa na machozi mbele ya mteja wangu wa ushauri nasaha. Mumewe akacheka, akatoboa siri ya mkewe.

Mwaka 1986, shangazi kashuka Malindi kutoka Machakos, mshauri nasaha mpya. Bi Zeina wa mtaa wa Barani, mjane, kaketi mbele yake analia kwa kwikwi. Shangazi kafundishwa: usimguse, usilie naye. Basi akakaa kama gogo. Hata pole hakusema.

POLE, Mueni! Na hii ni Pwani!

Bi Zeina akajifuta machozi, akamtazama weee. "Mwanangu, kwani na wewe umefiwa na nani?"

Mshauri ndiye anayeulizwa!

Na kweli mamake shangazi alikuwa amezikwa mwezi uleule, naye alikuwa hajalia hata tone. Siku hiyo alilia mpaka akalilowesha buibui la watu, Bi Zeina akimpapasa mgongo: "Lia, mwanangu, lia."

Wiki iliyofuata Bi Zeina akarudi na mahamri, akaketi, akauliza: "Haya, leo twaanza na wewe au na mimi?"