Chai Yangu Naiacha Ipoe

Baba,

Jumamosi niliaibisha jina lako mbele ya ndugu yako. Nataka habari hiyo uisikie kwangu kwanza.

Tulikuwa nyumbani Mitunguu, tumemaliza kukata ndizi za soko, na Mama akaleta chai. Unaijua chai yake, inafika ikiwa bado inatokota. Wewe uliinywa hivyo hivyo, hata saa saba mchana na joto lile, ukisema chai iliyopoa ni ya wagonjwa. Nilipokuwa darasa la pili, watoto wa baba mdogo Kinoti walipuliza vikombe vyao. Mimi nilimeza huku machozi yakinitoka. Ukacheka, ukasema, "Huyu ndiye wangu." Maneno hayo nimetembea nayo miaka ishirini.

Jumamosi niliweka kikombe chini, nikangoja. Baba mdogo akaniona.

"Kendi, umekuwa mgeni wa Nairobi? Baba yako angekukana."

Zamani ningekunywa.

Tangu mvua zianze chakula kinanikwama nyuma ya kifua. Ilianza kwa ugali, sasa hata ndizi za kupondwa. Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Wiki sita nilitafuna dawa za dukani nikijiambia ni vidonda vya tumbo tu, maneno yako yale yale. Kisha nikaenda hospitali Meru, nikamweleza daktari kila kitu, hata rangi ya choo changu. Amenipa barua ya kipimo cha kamera, ile inayoshushwa kooni, Alhamisi. Hajasema nina nini. Hajasema chai ndiyo iliyokuua. Amesema tu niiache ipoe.

Barua ya namna hiyo naijua, Baba. Yako niliipata katika koti lako la kanisani, siku nne baada ya kukuzika, imekunjwa ikawa ndogo kama kiberiti. Miezi saba ulikaa nayo kifuani ukiimba na wazee wenzako. Mezani ulisema umeshiba, ukahamishia nyama yako kwenye sahani yangu. Nilidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa mapenzi. Bado nina hasira.

Basi nikawaambia. Kwamba siwezi kumeza. Kwamba nangoja kamera. Kwamba hakuna aliyekuroga, kama wanavyonong'ona. Uliitwa ukapimwe zaidi, ukaona haya kwenda. Mama alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Hakuwa akijua. Barua yako nilikuwa nimeificha mwaka mzima, kama ulivyoificha wewe, na hilo kosa ni langu, sitakusingizia.

Baba mdogo hakuniomba msamaha, unamjua. Aliuliza tu kipimo ni saa ngapi. Nikamwambia ni asubuhi, tumbo likiwa tupu. Akasema ataningoja Nkubu, njia ya Meru, twende pamoja, maana hata yeye kuna kitu kinamchoma siku nyingi na hajamwambia mtu. Kisha akaweka kikombe chake chini, kando ya changu. Tukakaa hivyo mpaka chai ikafanya utando.

Mama aliiomba barua yako. Ameinyoosha kwa kiganja, akaibandika ukutani karibu na kalenda, na yangu kando yake. Anayeingia anazisoma. Acha asome.

Naogopa. Nimefuta mstari huu mara mbili, sasa nauacha. Naogopa hiyo kamera, na zaidi ya kamera naogopa majibu. Lakini nitakwenda na woga wangu hivyo hivyo. Migomba nitaipunguza machipukizi ulivyonifundisha, Mama nitamtunza ulivyotaka. Katika hili moja nakuasi, Baba. Alhamisi nitafungua mdomo, na watakachokiona nitakitaja kwa jina lake mezani, wote wakisikia.

Pumzika, mzee wangu. Nikija kaburini nitabeba chai, na utanisubiri nikiipuliza.

Bado wako,
Kendi